Magunia ya Kona na Makochi ya Wakubwa

Nyinyi vijana mnaonisukumia simu usoni na kuniuliza kama ni kweli magari yaliwahi kushindana katikati ya Kampala, mbele ya mabenki na maduka ya vitambaa, jibu ni ndiyo. Nilikuwepo. Ila msianze kunipamba, sikushika usukani hata mara moja. Mimi nilikuwa mtu wa magunia. Kwenye hizo picha zenu, pembeni mwa barabara, kuna magunia yamepangwa ukuta mzima na kupigwa rangi nyekundu na nyeupe. Hakuna anayeyatazama. Wote mnatazama magari na kusifia jinsi Corolla fulani ilivyokuwa moto. Basi leo mtanisamehe, nitawapa habari za magunia.

Naitwa Sebit. Ni Mnubi wa Makindye, mjukuu wa askari aliyeletwa huku na Waingereza kutoka Sudan, na baada ya vita vya themanini na sita mtu mwenye jina kama langu hakuwa na haraka ya kujitambulisha mjini, maana Wanubi wote tulihesabiwa askari wa serikali za zamani. Nilipata kibarua cha barabara: kuziba mashimo, kuzibua mitaro, kupaka mistari. Nimeifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu, na mashimo nimeyaacha yakiwa na afya njema kuliko mimi. Mara moja kwa mwaka, Jumapili ya mbio, kikosi chetu kilikuwa kinaazimwa kwa waandaaji ili tuandae njia. Siku hiyo hata wale waliokuwa wanatupita mwaka mzima bila salamu walituuliza hali.

Mkubwa wetu alikuwa Mzee Otieno, Mjaluo wa Kisumu aliyehamia Kampala kabla sijaota ndevu. Alikuwa mzito, mwenye sauti nzito, na alikuwa hacheki mpaka kazi iishe. Alitusemesha sote Kiswahili, kwa sababu kikosi kilikuwa mchanganyiko: Waganda, Wakongo, Wakenya, na sisi Wanubi. Kila mmoja alikivunja kwa namna yake na mzee alielewa wote. Rafiki yangu wa karibu pale alikuwa Musoke, Muganda wa Lubaga, Mkatoliki wa rozari shingoni, aliyeniita Afande tangu siku ya kwanza. Sijawahi kushika bunduki. Lakini kwa Musoke kila Mnubi ni Afande, na nilipochoka kumkatalia nikaanza kuitika.

Sasa sikilizeni jinsi gunia lilivyokuwa linajazwa, maana siku hizi naona mtu anaweka tairi tatu barabarani na kujiita mtaalamu. Tulitumia maganda ya kahawa, yale makavu wanayotupa kwenye vinu vya kukoboa. Mchanga hapana. Gunia la mchanga ni jiwe lililovaa nguo, gari likiligonga dereva anakwenda kusalimiana na kioo. Maganda yanapokea. Na hulijazi mpaka mdomoni. Unalijaza mpaka kifuani, unalifunga, unaliacha lilegee kidogo. Halafu unapanga safu tatu, moja nyuma ya nyingine, za juu zikikalia viungo vya zile za chini, na mafundo yote yanatazama nyuma, gunia likipasuka maganda yasimrukie dereva machoni. Vumbi lake mtajua wenyewe. Mke wangu wiki hiyo hakuniruhusu kuingia ndani mpaka nioge uani, kama mbwa wa Mzungu.

Ukuta ukishakamilika, Mzee Otieno alikuwa na sheria yake: aliyeujenga ndiye anaujaribu. Unarudi nyuma, unakimbia, unajitupa mwili mzima. Ukiumia, unaufumua na kuupanga upya. Yeye mwenyewe alijitupa wa mwisho, na akijitupa yeye ukuta wote ulikuwa unahema. Watu wanaotoka kanisani walisimama na kututazama sisi watu wazima tunakimbilia magunia na kuyarukia. Mama mmoja alimwambia Musoke kwa huruma kwamba kule Butabika kuna madaktari wazuri wa kichwa. Musoke akamshukuru, akarudi nyuma, akajitupa tena.

Lakini adui wa magunia hakuwa gari. Adui alikuwa mtazamaji. Mtu wa Kampala akiona gunia laini limewekwa pembeni mwa barabara, na mbele yake magari yanapita bure, anajua moja kwa moja kwamba serikali hatimaye imemkumbuka na kumletea kiti. Analikalia. Anamwita shemeji yake, naye anakalia. Mwenye karanga anakuja, mwenye maji anakuja, kina mama wanatandika leso. Unawaambia gari likishindwa kupinda litakuja hapa hapa, wanakujibu kwa heshima, ssebo, si ndiyo maana tumewahi?

Na sehemu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa kona tuliyoiita Kona ya Nyama. Barabara inashuka kutoka kilimani, gari limeshashika kasi, halafu ghafla inapinda kushoto mbele ya bucha. Upande wa ndani wa kona uko salama. Upande wa nje ndiko gari linakoelekea likikataa kupinda, na ndiko kwenye kibaraza kipana ambapo unaweza kuona mbio zote toka juu mpaka chini. Mungu alipogawa vibaraza Kampala hakutuuliza sisi wa magunia.

Tulijaribu kamba, wakaanikia makoti. Tulijaribu polisi, polisi nao wakakaa. Ndipo Mzee Otieno akatupeleka Luzira, kule ufukweni Port Bell, tukarudi na pumba la mukene, wale dagaa wa ziwani, yale mabaki ya chini ya gunia ambayo hata kuku wanayafikiria kwanza. Tukayachanganya na maganda ya kahawa katika magunia ya upande wa nje. Jua lilipopanda, kibaraza chote kikawa wazi. Watu walivuka wenyewe kwenda upande salama, wameziba pua na kututukania mama zetu. Mzee alicheka siku hiyo kabla kazi haijaisha, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akifanya hivyo.

Furaha yetu ilikatishwa na kalooli. Nyinyi mnawajua, wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama juu ya majalala yetu kwa heshima zote, utadhani wameitwa kutoa ushahidi. Walinusa mukene kutoka mji mzima. Magari yanapasha moto, tunageuka, kalooli wamejaa Kona ya Nyama, wengine juu ya magunia, wengine katikati ya lami, hawajali mtu. Tuliwafukuza kwa fagio wakasogea hatua mbili na kututazama. Dereva mmoja kutoka Eldoret alitoa kichwa dirishani akasema yeye amefanya mazoezi ya mbuzi na ng'ombe, ya maaskofu hakuambiwa. Mbio zikachelewa, na kuanzia mwaka uliofuata Mzee akaamua magunia ya safu mbili za nyuma tu, zilizo karibu na watu, ndiyo yapate mukene, konzi moja kila moja. Konzi moja ilimtosha binadamu kukimbia na haikumtosha kalooli kuja.

Madereva nao, tusiwasahau. Kulikuwa na mmoja wa Kololo, mwenye glavu za ngozi, miwani, na ovaroli iliyopigwa pasi. Mzunguko wa kwanza kabisa akaja moja kwa moja kwenye ukuta wangu, pu, akatoka mweupe kwa vumbi la maganda, na kitu cha kwanza alichouliza ni mwandishi wa habari yuko wapi. Na kulikuwa na yule wa spesho, dereva wa teksi wa kila siku, aliyepiga honi kila kona na kuwaonyesha wenzake mkono apishwe, kama yuko kwenye foleni ya Jumatatu. Wakampisha. Alishinda. Walilalamika kwamba honi si mchezo wa haki, akawaambia mbona wao hawakupiga.

Haya. Tuje kwa wakubwa, maana ndio waliozimaliza mbio zetu.

Kila mwaka alikuwepo mgeni wa heshima wa kupunga bendera ya kuanzia. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, kunyanyua mkono na kuushusha. Alikuja amechelewa, akasoma hotuba ndefu kuhusu usalama barabarani huku injini zikichemka mbele yake na madereva wakimwaga maji kwenye rejeta. Hema la wageni lilikuwa pale pale Kona ya Nyama, upande wa ndani, nyuma ya ukuta wa bucha. Mahali salama kuliko kaburi. Humo ndani waliwekewa makochi, yale makubwa ya sebuleni yenye vitambaa vya kufuma mgongoni.

Shida ya hema hilo ni kwamba lilikuwa bondeni. Mkubwa akikaa kwenye kochi lake, anachokiona ni visogo vya wananchi. Mwaka mmoja wakalalamika. Basi kwa mbio zilizofuata, ambazo nyinyi mnaziita za mwisho, bwana wa itifaki alikuja kwa Mzee Otieno jioni ya Jumamosi akiwa amevaa suti ya rangi ya samli, akaomba tumpe magunia ya upande wa nje aweke chini ya makochi, wageni wake wainuke kidogo. Alisema yale magunia si ni maganda tu.

"Bwana," Mzee akamwambia, "mgeni wako akianguka kwenye kochi, atajipangusa. Gari likipita pale, tutawapangusa watu."

Yule bwana akacheka kwa adabu, akasema ameelewa, akaenda zake. Tukaamini ameelewa. Hilo ndilo kosa la watu wa kazi za mikono, tunadhani mtu mwenye suti akisema ameelewa ndiyo yamekwisha.

Jumapili asubuhi kikosi chote kilikwenda upande wa pili wa mzunguko, kuzibua mtaro uliokuwa unafurika. Mzee alikuwa na mazoea ya kuipita njia yote kwa miguu asubuhi ya mbio, aone jua linampiga dereva wapi machoni, na maji ya kufulia ya nani yamemwagwa wapi. Tulipokuwa huko, bwana wa itifaki alileta wapagazi wa soko la Owino na mkokoteni. Wakabeba zile safu mbili za nyuma. Wakayapanga ndani ya hema, wakayafunika shuka nyeupe, wakapandisha makochi juu. Na ile safu moja iliyobaki nje wakaivuta vizuri, kwa mbele ionekane kama zamani.

Aliyegundua ni Musoke. Tunarudi, tumepita mbele ya hema, akasimama na kunusa. Wageni wa heshima walikuwa wameshakaa, wameinuka kweli, wanaona mpaka juu kilimani, na kila mmoja ana leso puani. Mama mmoja mwenye kilemba alikuwa anamwambia mwenzake kwamba wananchi wa siku hizi hawaogi. Musoke akainua shuka. Chini yake, nyekundu na nyeupe, magunia yetu ya mukene.

Nawaambieni ukweli, sekunde ya kwanza nilicheka. Tulicheka wote. Kisha tukageuka kutazama upande wa nje, na kicheko kikatukauka. Harufu imeondoka, kwa hiyo watu wamerudi. Kibaraza kimejaa, wamekalia ile safu moja iliyobaki, leso zimetandikwa, karanga zinauzwa.

Mzee Otieno alianza kukimbia kupanda kilima kwenda mahali pa kuanzia, azuie. Mtu mzito vile, akikimbia na koti la mvua. Mimi na Wakongo wawili tukavamia hema kuchomoa magunia, na askari wakatutoa kwa mikanda, wakidhani tumekuja kuiba makochi. Musoke alikuwa na bendera ya njano mkononi, ile ya kuwaonya madereva kuna hatari, akavuka barabara kwenda upande wa nje, akaanza kuwasukuma watu nyuma. Alikuwa anapiga kelele kwa Kiganda na Kiswahili, anawavuta watu kwa mashati. Walikasirika. Mmoja alimpiga kofi.

Kwa kawaida mgeni wa heshima alichelewa, na sisi tulikuwa tunautegemea uchelewaji wake kama saa. Siku hiyo alikuwa na harusi ya kuhudhuria baada ya mbio. Akawahi. Hotuba akaiacha. Mzee yuko nusu ya kilima, akaiona bendera inashuka.

Gari la tatu kushuka ndilo lililokosa breki. Corolla nyeupe. Sitawasimulia kila kitu. Lilikuja bila kupinda, likapita kwenye ile safu moja, na maganda yakatanda hewani hatukuona kitu. Yalipotua, wale watu wote waliokuwa kwenye kibaraza walikuwa wamelaliana nyuma ukutani, wanalia, wamechubuka, wazima. Musoke alikuwa chini ya bampa, bendera bado mkononi. Mguu wa kulia walimkata hospitalini siku ya pili.

Baadaye ikatangazwa kwamba mbio zimesimamishwa kwa muda ili kupisha ukarabati wa barabara. Mimi ndiye mkarabati wa barabara ile. Hakuna aliyeniambia niikarabati. Ya magunia haikusemwa popote, wala ya makochi. Bwana wa itifaki alikuja hospitali mara moja na soda ya chupa, akamwambia Musoke ni ajali, mipango ya Mungu. Mzee Otieno aliacha kazi kabla ya mwaka kwisha, akarudi kwao Kisumu, akafia huko. Alikuwa na hasira mpaka mwisho, na mimi nashukuru alikuwa nayo, kwa sababu mtu mmoja alipaswa kuwa nayo.

Musoke hakuwa na hasira, au kama anayo ameiweka pasipoonekana. Alijifunza kushona viatu, ana kibanda chake Katwe mpaka leo. Wateja wapya wakiona fundi wa viatu ana mguu mmoja, wanaona haya kuuliza, na yeye anawaacha waone haya. Kuna mzee mwingine kule Luzira aliyepoteza mguu wa kushoto vitani, na wote wawili wanavaa namba moja. Wananunua jozi moja, wanagawana. Wanagombana tu juu ya rangi, maana yule wa Luzira anapenda viatu vyeupe.

Sasa hii kamati yenu ya kufufua mbio. Mnajua kwamba walituita? Mwenyekiti ni kijana wa Kikenya, Kiptoo, ana ofisi ya matangazo hapa mjini. Kijana mzuri, siwezi kumsema. Alituita hotelini Kololo, mimi na Musoke, na kwa heshima yetu wakazungumza Kiswahili. Wakuu wa jiji walikuwa wamemwambia kwamba barabara watazifunga wampe, mradi yule aliyeumia mara ya mwisho asiwe na neno, na asimame nao siku ya uzinduzi mbele ya kamera. Kwa hiyo mbio zote za Kampala, wadhamini, madereva wa nchi jirani, nyinyi mnaonionyesha picha, zilikuwa zinangoja mdomo wa fundi viatu wa Katwe.

Mimi nilitaka aseme ndiyo. Mnisikie vizuri, nilitaka sana. Nimezeeka, magoti yamekwisha, na hakuna kitu nimewahi kukikosa maishani kama zile injini zikishuka kilimani na ukuta wangu unangoja. Njia nzima ya kwenda hotelini, kila mmoja juu ya boda yake, nilikuwa namsogelea na kumbembeleza kwa sauti. Nilimwambia mambo yamebadilika, watoto hawa wamesoma, tusiwe wazee wa kuziba njia. Waendesha boda wenyewe wakaanza kumbembeleza kwa niaba yangu. Alinijibu kwamba atasikiliza kwanza.

Na mambo yamebadilika kweli. Kulikuwa na binti mhandisi, akatuonyesha ukutani vizuizi vya plastiki vinavyojazwa maji, vimeunganishwa kwa vyuma, vimejaribiwa huko na huko. Nilimuuliza maswali yangu yote, ya jua machoni, ya vifuniko vya mitaro vinavyoibwa, ya gari zito na gari jepesi. Akayajibu yote bila kubabaika. Sikuwa na la kumfundisha, nikaongeza sukari kwenye chai. Nikamtazama Musoke kumwonyesha kwamba unaona sasa.

Wakamletea Musoke shati jipya, limeandikwa kifuani Shujaa wa Kona. Wakasema siku ya uzinduzi atalivaa, atapunga bendera ya njano, watu watalia. Musoke akalishika, akalipapasa kitambaa kwa dole gumba, fundi yule, akaliweka juu ya goti. Kisha akauliza swali moja tu, wageni wa heshima watakaa wapi.

Binti akaonyesha. Kona ya Nyama, upande wa ndani. Jukwaa la vyuma lenye ghorofa, kiyoyozi, kioo mbele. Upande wa nje, wananchi. Kiptoo akaeleza kwa furaha kwamba wananchi ndio wamepewa sehemu yenye mandhari bora kuliko zote, nyuma ya vile vizuizi vya maji, na kwamba ni salama kabisa, asilimia zote. Akamuuliza, basi mzee wetu, una neno?

"Mimi iko na neno moja tu," Musoke akasema. "Mbio nakubali, shati nakubali, bendera nitapunga. Lakini hema ya wakubwa, muweke pale mimi nilisimama."

Wakatazamana. Mmoja akachekelea, akadhani ni utani wa wazee, halafu akaacha. Binti mhandisi aliinamia meza, na nadhani alikuwa wa kwanza kuelewa. Kiptoo akavuta kiti karibu, akamshika Musoke mkono kwa heshima, kama mtoto wa mtu aliyelelewa.

"Mzee wangu," akasema, "tungependa. Ila ujue pale kuna hatari kidogo kwa wageni."

Alipolisema akalisikia. Niliona masikio yake yanabadilika rangi. Musoke akamwachia mkono taratibu, akachukua magongo yake.

"Ee," akasema. "Sasa tumeelewana, mwana wangu."

Tukatoka. Shati alilibeba, pamba ile ni nzuri, analipigia viatu rangi. Na mimi nilimnunia. Nawaambieni, nilimnunia mpaka Katwe na wiki nzima baada ya hapo, kwa sababu alikuwa amenipokonya kitu nilichokuwa nimekishika mkononi. Nilikwenda kibandani kwake kugombana. Nikamwambia hawatakubali kamwe, umetuua. Akaniambia, Afande, mimi sijakataa kitu. Wao ndio wanafikiria. Na aliporudi kwenye kiatu chake nikaona anaushona upya mshono aliokwisha kuumaliza, na nikajua kwamba hata yeye alizitaka zile mbio.

Kamati ilisema itashauriana na itarudi kwetu. Huu ni mwaka wa pili wanashauriana. Makochi yanabaki ndani na sharti linabaki mezani, na nasikia sasa wanatafuta kona nyingine, barabara nyingine, mtu mwingine wa kuvaa shati.

Basi nyinyi vijana, siku mtakapoona matangazo kwamba mbio zimerudi Kampala, msikimbilie tiketi. Msiwatazame madereva, wala vizuizi, hata vikiwa vya dhahabu. Nendeni mapema kwenye kona, mtazame wakubwa wamekaa wapi. Wakiwa upande wa nje, nipigieni simu, nitakuja na magoti yangu mabovu, nikae nao. Wakiwa upande wa ndani, nyuma ya kioo, mkaambiwa nyinyi ndio mmepewa mahali pa kuona vizuri, rudini nyumbani na watoto wenu.